Viatu Vyenye Chuma kwenye Njia ya Swima

Mguu wangu wa kulia ulikuwa unanuka. Sisemi harufu ya jasho, ambayo kila mtembezi anayo na watu wanaisamehe. Ulinuka kama samaki aliyesahauliwa chini ya mtumbwi. Katikati ya unyayo, pale panapobonyea, nilikuwa na kidonda cha mviringo kilichotoa maji ya njano, na inzi wote wa soko la Baraka walikijua.

Kidonda hicho kilitengenezwa na baiskeli yangu. Pedali zake zilikuwa zimekwisha zamani. Mpira ulitoka, kisha bati likatoka, kikabaki kijiti cha chuma kila upande, kinene kama kidole gumba. Juu ya vijiti hivyo viwili nilipandisha chumvi na sabuni kutoka Baraka hadi Fizi, na kuteremsha maharage. Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya nchi yetu. Magari yalikuwa ya askari, au yalikuwa mifupa iliyoungua kando ya njia, kwa hiyo kila kitu ambacho mtu wa Fizi alikula au kujipaka kilifika kwa mgongo wa mwanamke au kwa baiskeli ya mtu kama mimi. Shule niliiacha mwaka wa nne wa primeri, kabla ya vita, kwa hiyo siwezi kuisingizia vita. Nilitaka tu kuona barabara zinaishia wapi. Mpaka leo sijaona.

Nilikuwa nimejaribu kila kinachovaliwa. Sapatu za plastiki zilikunjika juu ya chuma na kuteleza mvua ikinyesha. Mara mbili niliangukia bomba la baiskeli kwa mahali ambapo mwanamume hapendi kuangukia. Viatu vya tairi havichaniki, lakini tairi halisahau kwamba lilikuwa gurudumu. Linabaki limejikunja, na vidole vinaning'inia nje. Watu wa Bibokoboko, wafuga ng'ombe wa juu milimani, walipokuwa bado wanateremka na maziwa yao, walivaa bote za mpira, nami nilibadilisha chumvi kwa jozi moja. Kwenye majani yenye umande, nyuma ya ng'ombe, ni kitu kizuri. Kwenye baiskeli, jua likifika kichwani, mguu unapikika. Siku ya kwanza nilipozivua nilimwaga maji kama mtu anayemwaga mchuzi ulioharibika, na ngozi ya katikati ya vidole ikatoka nayo, nyeupe, laini.

Kwa hiyo nilijua vizuri ninachotafuta, na nadhani hakuna mtu Baraka nzima aliyewahi kufikiri juu ya kiatu kama mimi wiki zile. Soli ngumu, isiyokubali kukunjika juu ya chuma. Nafasi ya kutosha mbele, maana vidole vya mtu aliyekua bila viatu vimeachana na haviwezi tena kurudiana. Kisigino kisichotoka mguuni, kwa sababu njia ya Fizi nusu yake hupandi baiskeli, unaisukuma, na kiatu kisichojua kutembea ni mzigo mwingine. Na bei ya mtu anayelala kwenye baraza za watu.

Karibu na mahali pa kupakulia mashua alikaa mwuza viatu mmoja aliyetandaza turubai na kupanga juu yake viatu vya kulia tu. Vya kushoto vilikuwa ndani ya gunia, na yeye alikuwa amelikalia gunia. Ilikuwa kinga yake dhidi ya wezi na dhidi ya askari, ambao walikuwa wezi wenye haraka. Ukikubaliana naye bei, aliinuka, akazamisha mkono ndani ya gunia hadi begani kama mkunga, macho yakiangalia ziwa, na kiatu ndugu kikatoka.

Kwanza alinipa bote moja ya kijeshi, ya kulia. Ngozi ilikuwa nzuri, soli ngumu. Kwenye ulimi wa ndani mtu alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu, herufi kubwa zilizopinda, za mtoto wa shule. Mbele kulikuwa na soksi iliyobanana. Nilipoivuta ilikuja ngumu kama kipande cha ngozi ya mbuzi, na ukucha ukatoka pamoja nayo. Nilikirudisha kiatu juu ya turubai na kupangusa mkono kwenye mchanga, nikapangusa tena. Mwuzaji alicheka. Alisema mwenye viatu hatakuja kuvidai. Mtu aliyesimama nyuma yangu aliuliza bei yake kabla sijaondoka hapo.

Ndipo nikaona vile vingine, vyeusi na vya kijivu, vimetoka kwenye balo la mitumba lililovuka ziwa. Vilikuwa na mikanda miwili ya kubana badala ya kamba. Nilijaribu kukunja soli kwa mikono yote miwili, ikakataa. Mbele palikuwa papana. Chini kulikuwa na meno ya mpira kama ya tairi la kwenda mashambani, na katikati ya meno hayo, pale mbele ya unyayo, palikuwa na shimo, na ndani ya shimo kipande kidogo cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili. Niliuliza chuma ni cha nini. Mwuzaji alisema ni viatu vya mafundi wa umeme, vya kupandia nguzo. Mwenzake alisema hapana, ni vya mtu aliyekatwa mguu. Kila mmoja alikuwa na hakika.

Mimi sikuweza kulala na swali kama hilo, sijawahi kuweza, lakini jibu nilikuja kulipata miaka mingi baadaye Bujumbura, nilipomwona mzungu akipanda baiskeli yenye pedali ndogo zisizo na pa kukanyagia. Kiatu chake kililia "ta" kikanaswa, akaenda. Alipotaka kushuka aligeuza kisigino nje, kikaachia. Nilimfuata mbio mpaka akasimama akidhani nataka kumwibia, nikamwomba anionyeshe chini ya kiatu. Chuma kilikuwa kilekile. Vyangu vilitengenezwa kwa ajili ya kazi yangu kabisa, na hakuna aliyejua, hata mimi niliyevivaa.

Siku ile Baraka nilijua kimoja tu: shimo lile lilikaa juu ya kijiti changu cha chuma kama kifuniko juu ya chungu. Mguu haukuteleza. Kidonda hakikuguswa. Nililipa kwa ndagala, wale samaki wadogo wakavu, na kipande cha kitenge, nikavivaa palepale. Ndani vilinuka mtu mwingine, jasho la mtu aliyekula vizuri, lenye sabuni ndani yake. Nilichukizwa na jasho lile kuliko la kwangu. Lakini nilikanyaga kwa mara ya kwanza bila kuuma meno.

Safari ya kwanza haikuwa ya Fizi. Nilikwenda kaskazini, kijiji kimoja mbele ya Swima, kuchukua mawese. Swima alikaa dada mkubwa wa mama yangu, mama mkubwa wangu, ambaye nyumba yake ndiyo pekee niliyoweza kuiita kwetu. Nilifika pale kunapambazuka, baada ya mvua kubwa, nikataka kupita bila kubisha hodi. Angenishika nikale, angeniombea, na zaidi ya hayo angenusa mguu wangu. Mwanzo wa kijiji mnyororo ulikatika. Nilizunguka kwenye tope nikitafuta pini yake, nikaenda mbele, nikarudi, nikainama, nikazunguka tena, labda kwa muda wa kuchemsha maharage. Nilipoipata nilifunga mnyororo, nikasukuma baiskeli katikati ya kijiji kilichokuwa bado kimelala, nikaenda zangu.

Lazima nieleze sasa jinsi Swima ilivyokuwa inajilinda. Haikuwa na bunduki. Ilikuwa na mjomba wangu, mdogo wake mama mkubwa. Kabla ya vita alikuwa mwindaji, na kila mtu alijua kwamba anasoma ardhi kama wengine wanavyosoma barua. Kijiji kilikuwa kimempa kazi ya kupita njia yote asubuhi, kabla mwanamke hajaenda kuteka maji, na kutazama nyayo. Bote za askari wa upande huu zilikuwa na alama zake, za upande ule alama zake, sapatu za vijana wa msituni alizijua. Kwa kazi hiyo kila nyumba ilimpa unga. Akisema hakuna kitu, watu walikwenda shambani. Akisema kimbieni, walikimbia, na hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu nilirudi na bido za mawese, yale madumu ya plastiki. Kabla ya kuingia Swima mwanamke mmoja aliyekuwa akichuma sombe, majani ya muhogo, kwa haraka alinitokea kutoka kichakani akanishika mkono.

"We, usipite. Kule banaingia batu ba viatu ya chuma. Batu bote biko mulima."

Niliuliza watu gani. Akasema ni askari wapya, hawajawahi kuonekana huku, kiatu chao kina chuma katikati. Wengine walisema wametoka nchi ya mbali, wengine walisema wametoka juu, kwa wafuga ng'ombe, maana siku hizo kila kibaya lazima kitoke juu. Alisema mjomba wangu mwenyewe ndiye aliyeziona nyayo zao. Alikuwa na mtoto mgongoni na hakutazama miguu yangu, ambayo ilikuwa imefunikwa na tope hadi kwenye vifundo.

Ningeweza kusema palepale kwamba viatu ni vyangu. Nilivua viatu, nikavisukuma chini ya bido, nikaficha baiskeli, nikamfuata mlimani bila viatu. Nilijiambia nataka kwanza kujua hali. Ilikuwa uongo. Nilikuwa nimeona jinsi watu wanavyowafanyia wale wanaosemwa kuwa wanatia alama barabarani ili adui afuate.

Huko mlimani watu walikaa chini ya majani ya migomba kwenye mteremko wenye maji. Kila kitu kilinuka: nguo zisizokauka, mavi ya watoto, moshi usiotaka kwenda juu. Mama mkubwa alikuwa ameegemea jiwe. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu zamani, na baridi ya siku tatu ilikuwa imemmaliza. Alikohoa mpaka akatema kitu cha rangi ya kutu, akakifunika kwa jani kwa aibu. Aliponiona alifurahi, akaniuliza kama nimekula. Yeye hakuwa amekula. Muhogo wake wote aliuacha umelowekwa kwenye kijito, na kila siku iliyopita uliendelea kuoza. Mwanamke aliyekaa naye aliniambia kando kwamba kama atalala hapo mara mbili zaidi hatashuka kwa miguu yake.

Mjomba alikuja mchana, na viatu vyake vya tairi. Kila siku alishuka peke yake kuchungulia, akarudi kusema bado wako. Watu walimpokea kama padri. Walimpa muhogo wa kuchoma uliokuwepo, akaurudisha. Alisema hofu imejaza tumbo lake. Nilikaa karibu naye. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa kwa mafuta.

Siku hiyo yote nilinyamaza. Nimejaribu mara nyingi kuiandika siku hiyo kwa namna itakayonipa heshima kidogo, nikashindwa. Nilisikiliza kikohozi cha mama mkubwa wangu, nikahesabu kati ya kimoja na kingine, na viatu vilikuwa kule chini ya bido za mawese.

Asubuhi alijaribu kuinuka akashindwa. Nilishuka nikavileta viatu, nikamwendea kapita, mkubwa wa kijiji, mbele ya watu wote.

"Kapita, ile viatu ni yangu. Mi njo nilipita, mi mwenyewe."

Hakuelewa mara ya kwanza. Nilivigeuza nikamwonyesha chuma. Watu walisogea, na wanaume wawili wenye mapanga wakaja upande wangu wa nyuma. Nilisikia pumzi zao.

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. Hakupaza sauti.

"Mutoto wa dada yangu hana akili, munamujua. Anaacha masomo, anatembea kama mbwa. Ameokota viatu ya askari moja, sasa anatuambia turudi tukachinjwe. Mi niliona miguu ya batu kumi."

Nilimwambia mnyororo ulikatika, nilizunguka. Nilimwuliza kama hakuona alama ya baiskeli. Ilikuwa kando ya nyayo zangu toka mwanzo wa kijiji hadi mwisho, mistari ya tairi, wazi kama kamba iliyolazwa kwenye tope. Hata mtoto angeiona.

"Biko na baiskeli," alisema mjomba. "Ya kubeba masasi ya bunduki."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Nafikiri kicheko kile kiliniokoa. Askari kumi wa nchi ya mbali, baiskeli moja. Kapita alinionyesha kwa kidole palipokuwa na tope.

"Vala. Tembea."

Nilivaa. Nilitembea mbele, nikarudi, nikazunguka kama nilivyozunguka siku ile. Kapita aliinama na magoti yake mabovu, akatazama. Aliwaita wawili waliokuwa wameziona nyayo barabarani kabla ya kukimbia. Wakatazama, wakasema ni zile. Mmoja wa wale wenye mapanga alinipiga kofi la sikio, akarudi kukaa. Lilikuwa kofi la haki, na mpaka leo sikio hilo linalia kengele.

Mama mkubwa ndiye aliyebaki. Alikuwa amesikia yote akiwa pale kwenye jiwe.

"Kama ni yako," aliniuliza, "jana yote ulinyamaza, mi nikikohoa?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa." Akatema kwenye jani. "Basi nibebe."

Nilimbeba mgongoni kuteremka, watu wengine wote nyuma yetu. Mjomba alitaka atangulie kuhakikisha, lakini kapita alisema safari hii tutashuka pamoja.

Kijiji kilikuwa kimya, na njia yake ilitueleza kila kitu. Tope lilikuwa limeanza kukauka. Nyayo zangu zilikuwepo, na mstari wa baiskeli kando yake. Nyayo za watu waliokimbia. Hakuna bote, hata moja. Na juu ya hizo zote, mbichi, za jana na za juzi, zikitoka nyumba hadi nyumba, nyayo za mtu mmoja aliyevaa viatu vya tairi. Cha kushoto kilikuwa kimetiwa kiraka cha kisigino kwa tairi la aina nyingine, lenye mistari iliyolala. Kilijulikana. Kilikuwa mbele yetu, miguuni pa mwenye nacho.

Watu walitazama chini, kisha walitazama pembeni. Mwanamke aliingia kwake akatoka akisema sufuria zake hazipo. Mwingine alitafuta kuku. Kapita aliuliza kwa sauti ni nani aliyeingia hapa, na kijiji kizima, ambacho siku tatu kabla kilijua kusoma kiatu cha nchi ya mbali, hakikujua kusoma kitu. Waliuliza labda ni vijana wa msituni. Walisema vita imeharibu watu.

Nilimshusha mama mkubwa mbele ya jiko lake. Mbuzi wake mmoja alifungwa hapo siku zote. Kamba ilikatwa, na ardhini zilionekana kwato zilizojichimbia, mnyama akikataa, na mbele ya kwato kiatu cha tairi kikivuta. Kiraka kilikuwa kimejipiga vizuri kabisa karibu na mafiga, kana kwamba mtu alikipiga muhuri. Mama mkubwa alikitazama. Alikuwa amemlea mdogo wake yule tangu mama yao alipokufa, alimpa kila mwezi unga wa kwanza kabla ya nyumba nyingine. Kapita alikuwa anakuja, nilisikia sauti yake nyuma ya ua.

Mama mkubwa alinituma kijitoni nilete muhogo. Nilimwambia utakuwa umeoza. Akasema nilete tu. Niliuleta ndani ya beseni, umeyeyuka kama uji, una utando wa kijani juu, unanuka hata inzi wanauzunguka kwanza kabla ya kutua. Aliuchukua kwa mikono yake miwili akaumwaga palepale, juu ya kiraka na juu ya kwato, akausambaza kwa kiganja.

Kapita alisimama mlangoni akafunika pua. Aliuliza kama yeye pia ameibiwa, na kama ameona alama yoyote.

"Mbuzi alikata kamba," alisema mama mkubwa. "Alama sikuona."

Nilikuwa nimesimama hapo. Ningeweza kuonyesha kwa kidole. Nilisema na mimi sikuona.

Kesho yake niliondoka na mawese yangu. Mwisho wa kijiji nilimkuta mjomba akifanya kazi yake, anatembea polepole, kichwa chini, anasoma njia. Watu walikuwa bado hawajatoka, walimsubiri. Alisimama akanitazama miguu, kisha akanitazama usoni, akaniuliza habari ya asubuhi kama mjomba anavyomwuliza mtoto wa dada yake.

Nilishuka kwenye baiskeli, kama inavyopaswa, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili. Ulikuwa laini kwa mafuta ya nyama. Nilimjibu kwamba ni nzuri.